Upande Huu wa Barabara

Watoto wangu wana hoteli mbili wiki hii.
Jumatatu hadi Alhamisi mchana kwa mama yao,
Jumba la Matumbawe, ghorofa kumi na mbili;
kisha wakavuka barabara, mabegi mgongoni,
hadi kwangu, Kangaruu Mwekundu,
ghorofa tatu, na lifti inayonuka soksi.
Wakili ndiye aliyegawa likizo.
Bwawa hakuligawa.

Mimi ni fundi bomba, natoka Toowoomba.
Siwezi kuingia chumba nisijaribu mfereji kwanza.
Kwangu maji ya moto huja ukihesabu arobaini,
na yakija yanakohoa.
Bomba la kuogea lilifungwa na mtu aliyewahi basi;
nimelikaza kwa kisu cha siagi.
Kwa Leonie sijui. Nimeishia mapokezi tu,
mbele ya tangi la samaki,
papa mdogo akinitazama kana kwamba nadaiwa.

Mwenye hesabu ni Angus, miaka sita.
Kwa mama: miteremko mitano ya maji, mmoja una giza ndani.
Kwa baba: mteremko mmoja, mfupi, wa buluu, unakwaruza makalio.
Kwa mama: chapati za maji zenye umbo la pomboo.
Kwa baba: mashine. Unabonyeza, unangoja,
inakutemea chapati kama tikiti ya maegesho.
Hapo nilishinda. Alibonyeza mara kumi na moja.
Kwa mama kuna mtu mwenye kichwa cha kasa,
kazi yake kukumbatia watu asubuhi.
Kwa baba kuna Bwana Petrakis, hakumbatii mtu,
ila alimruhusu Angus apige kengele ya mapokezi
apendavyo,
akajuta hadi saa nne.

Zote mbili zinajitangaza:
dakika nne kwa miguu hadi lango la bustani ya michezo.
Miguu ya nani? Angus husimama kwa kila mjusi,
na Gold Coast haijaishiwa mijusi.
Ukifika unalipa bei ileile, unapanga foleni ileile,
na ile reli kubwa inayopinduka kichwa chini
haiulizi umelala wapi.
Mayowe yake hutufikia vitandani mpaka jioni,
wenye nyota tano na wenye mbili na nusu.

Tamsin, miaka kumi na mmoja, halinganishi kitu.
Ameshajua: ukisifu huku, kule kutanuna.
"Zote nzuri," asema, kama balozi,
na kumwaga sharubati.

Usiku wa pili nikamkuta dirishani.
"Dirisha lako," akasema, "linashinda la kule."
Nikacheka. Dirisha langu lina maegesho,
pipa la taka, na pazia lililokosa kulabu mbili.
"La kule linaonyesha bustani yote,
gurudumu na taa na kila kitu.
La kwako linaonyesha kule."
Akanyosha kidole: ghorofa ya saba, roshani ya tatu,
taulo ya njano juu ya reli.
"Tulikubaliana. Akiwa macho, anaiacha nje."

Nikauliza nilichopaswa kukimeza:
"Na mlipokuwa huko, mimi mliniona?"
"Tulijaribu," akasema. "Bango la piza limekuziba."
Kisha, kwa huruma ya mkubwa kwa mdogo:
"Lakini nilijua uko nyuma ya lile jibini."

Tukakaa. Gari likatoka, gari likaingia.
Saa tatu na dakika kumi mkono ukatokeza, ukavuta taulo.
"Kalala," akasema Tamsin, akaachia pazia,
likaning'inia upande kama kawaida yake.

Jumapili, wakati wa kurudisha ufunguo,
Bwana Petrakis alinisukumia kadi ya maoni na kalamu isiyo na wino.
Nikaazima penseli ya Angus, ya rangi ya machungwa.
Nikaandika: maji ya moto yanachelewa.
Nikaandika: kulabu mbili, pazia la chumba 214.
Nikafikiri kidogo, mzee wa watu akinisubiri.
Dirisha lenyewe, nikaandika,
msiliguse.