Tumbo la Idi, Ibra

Shuwa imefukuliwa,
sahani nikajaziwa,
nikashushia maziwa
na halua mkononi.

Usiku nagaagaa,
tumbo ngoma, limejaa;
saa nane, yangu taa
inawaka ukumbini.

Wifi yangu, Thuwaiba,
akaja na yake tiba:
"Si chakula, ni kushiba
kulikokutia ndani.

Nyama, maziwa, halua,
vyote ukavichukua,
jino halikuvijua;
vitapatana tumboni?

Asubuhi tende tatu,
kisha uvae viatu,
ukatembee na watu
hadi kule falajini."

Wiki nzima nimetii:
tonge dogo, sizidii,
tunda halikaribii
wali ulo sahanini.

Jana, saa nane tena,
taa nyingine naona:
wifi! Tukatazamana,
halua iko kinywani.