Ukingo wa Meza

Michoro ilifika Pasua Jumanne, imeviringwa ndani ya bomba la plastiki.
Fundi Kundaeli akaitandaza juu ya benchi,
akaikandamiza kwa randa upande huu, kwa kikombe cha uji upande ule.
Sitaha tano, alisema. Kama ghorofa, ila hii inaondoka.

Sisi tulipewa chumba kimoja tu, cha mgeni mkuu,
na meza ya kulia watu kumi na wawili.
Mengine tuliyaona pembeni mwa karatasi,
kama uonavyo sebule ya jirani mlango ukisahauliwa wazi:
uwanja wa helikopta; bwawa lenye sakafu ya kioo,
ili wanaokunywa chini watazame nyayo za wanaoogelea juu;
chumba cha mvuke; chumba cha theluji.

Hapo Abuu aliinua macho dirishani.
Kibo ilikuwa wazi asubuhi ile.
Akauliza kama theluji nayo hukodishwa kwa wiki.

Kila kitu hukodishwa kwa wiki: nahodha, mpishi, mkandaji,
mtu wa kukunja taulo zifanane na bata.
Bei haikuandikwa popote.
Bei isiyoandikwa, alisema Fundi, ni mbwa asiyebweka.

Kazi yangu mimi ni msasa na vanishi.
Nimesugua majeneza ya Kibosho, makabati ya maharusi, madawati ya Njoro.
Bahari sijaiona. Nilifika Same, nikageuka.
Lakini niliijua kwa maagizo yale madogo madogo:
pembe zote ziviringwe, mtu akiyumba asichubuke;
droo isifunguke mpaka uinyanyue kwanza;
kabati liwe na sumaku, na kulabu juu ya sumaku;
chini ya kitanda taa, ziwake mguu ukigusa sakafu;
na meza, meza nzima izungushiwe ukingo,
kimo cha kidole gumba kilicholala,
glasi zisikimbie.

Kumbe.
Umenunua shuka, marumaru, ukimya wa injini,
na bado chini yako kuna kitu kisichotaka kukaa.

Mninga tuliuchagua kwa kuugonga na kusikiliza.
Vumbi lake jekundu lilinikaa puani hadi Jumapili;
nilipenga kanisani, leso ikawa kama ya mgonjwa,
Mama Ndeshi akasogea benchi la nyuma.
Tabaka kumi na moja za vanishi,
na kati ya tabaka na tabaka siku nzima ya kungoja,
watoto wa uani wamekatazwa kukimbia,
jogoo amefungwa kamba.
Alhamisi umeme ulikatika. Nikaendelea kwa kiganja,
maana kiganja kinaona mkwaruzo ambao taa haiuoni.

Kabla ya kuifunga kwenye sanduku, Fundi alitaka kuijaribu.
Tulipanga vikombe kumi na viwili, vya kwetu na vya kuazima,
kisha yeye na Abuu wakainyanyua upande mmoja,
taratibu, jinsi alivyodhani wimbi linanyanyua.
Vikombe vikateleza vyote pamoja kama kondoo,
vikafika ukingoni, vikasimama.
Hakuna kilichoanguka.
Kimoja tu kilikuwa na chai:
kikombe kilisimama, chai ikaendelea.

Fundi aliifuta kwa shati lake, hakusema neno.

Lori liliondoka usiku kuelekea Tanga.
Vipande vilivyobaki nikaviomba,
nikapigilia ukingo kwenye meza yetu ya nyumbani,
ile ya miguu mitatu na tofali.
Mama aliupapasa mwanzo hadi mwisho.
Huu wa nini, Aikande? Nyumba inakwenda wapi?

Nikamwekea uji.
Baadaye lori la mchanga likapita barabarani,
vikombe vikalia kidogo,
vikanyamaza.