Fundi Mihuri wa Ruwi

Nakata mpira kwa wembe, herufi nazigeuza.
Kiarabu kikigeuzwa huanzia kushoto,
kama Kiswahili cha mama yangu;
hilo nililigundua mwenyewe, hapa hapa Ruwi,
kati ya mshona kanzu na muuza simu za mtumba,
kwa vidole vya zambarau
ambavyo Shinuna huvisugua ndimu kila mkesha wa Idi.

Miaka ishirini na sita.
Nimelea watoto watano kwa wino.

Maana enzi zile, atakaye kuuza mkate
sharti kwanza auze subira.
Baladiya wanataka barua yenye muhuri,
zimamoto wanataka nakala ya barua, nayo ina muhuri wake,
chemba ya biashara wanauliza:
mbona muhuri wa zimamoto umefifia?
Na barua ya kuomba muhuri wa kampuni
ilitakiwa ipigwe muhuri wa kampuni.
Sikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nauza ule wa muda.

Bi Ghaniya aliniletea daftari la mjukuu wake,
kaandika kwa kalamu ya risasi:
teksi kutoka Mabela, riali nne, kwenda tu;
tafsiri, riali sita;
mandub, kumi na tano, na chai yake;
muhuri kwa Muhanna, tatu na nusu.
Chini kabisa, bila tarakimu:
*unga umechachuka. Dirisha namba nne
lilifungwa kwa sala, halikufunguliwa tena.*
Jina langu lilikaa pale, katikati ya hasara zake,
kwa mwandiko mzuri.

Mwezi wa Rajabu likaja tangazo.
Ombi moja, malipo mara moja.
Jiko dogo lipewe leseni, mkaguzi wa moto aje baadaye.
Muhuri si sharti.
Dhiyab, mandub aliyetembea na faili nane kwapani,
sasa anauza maji ya tangi, na amenenepa.

Bi Ghaniya alikuja na simu, daftari kaliacha.
"Keti uone," akaniambia.
Akabonyeza kwa kidole chenye hina iliyochakaa,
akakosea, akarudi nyuma,
akamlaani mjukuu ambaye hakuwepo,
akalipa.
Chai ya maziwa niliyomwagizia
ilikuwa haijaanza kufanya utando.
Leseni hiyo.
Nilifurahi. Wallahi nilifurahi.
Nikahesabu vilevile, moyoni, riali tatu na nusu.

Juzi ikafika zamu yangu, leseni ya duka imekwisha.
Binti yangu Rayya akaishika simu.
"Aina ya shughuli, baba?"
Utengenezaji wa mihuri.
Akapandisha orodha, akaiteremsha. Haimo.
Kuna kuchanganya manukato, kukodisha mahema,
kuna hata kufuga nyuki.
"Iliyo karibu ni hii, baba: zawadi na mapambo."

Nikatazama ukutani, vishikio vya mbao mia na kitu:
kampuni zilizokufa,
kampuni zilizoolewa na kampuni nyingine,
idara moja iliyobadili jina mara tatu
na mara tatu ikaja kwangu.
Bonyeza, nikamwambia.

Simu ikalia ting, kama kijiko kwenye kikombe.
Neno la kukubaliwa likatokea kiooni
likianzia kulia, limenyooka,
hakuna aliyeligeuza.

Jioni Bi Ghaniya akapiga simu. Anataka muhuri.
Wa nini tena, mama?
Wa mifuko ya mkate.
Uwe na jina lake, tena herufi kubwa,
na punje za ufuta pembeni, zionekane.

Nimeshakata saba.
Ni ndogo mno. Wembe unateleza.