Sahani Namba Saba

Walitupanga kwenye madawati ya shule ya Matimbwa,
kina mama kumi na wanne, wanaume watano,
kila mmoja na kikombe cha maji ya kusukutulia
na karatasi yenye nyuso tatu:
inayocheka, iliyonuna, na ile isiyojali.
"Msiangaliane," alisema Bhoke, mtafiti,
mtoto wa Tarime, kiatu kimoja kimefungwa kwa katani.
"Onja, sukutua, weka alama. Hakuna jibu la kukosea."
Nikacheka moyoni. Mhogo hauna jibu la kukosea?
Muulize aliyelala njaa mwaka ule.

Mwaka ule majani yalisimama kijani, yakanawiri,
mpita njia angesema, hawa wameshiba mpaka masika.
Tukachimba.
Ndani kahawia, kama kizibo, kama jino bovu.
Mama alikata, akatupa. Akakata, akatupa.
Mbuzi wa Mwinyimkuu alinusa, akageuka.
Nusu eka, na jioni sufuria moja
ya vipande vilivyochongwachongwa kama penseli.

Ndipo akaja kijana na pikipiki,
akaomba pingili tatu za mhogo wa mama,
ule wa ganda jekundu, tuliouita Kanyamaze
kwa kuwa mtoto akilia, ukimpa, ananyamaza.
"Huu unaugua. Utaupeleka wapi?"
"Kupimwa."
Mama akamfungia kwenye gunia bichi.
Usiku akasema: nimempa mgonjwa wangu
mtu nisiyemjua hata ukoo.
Hakuishi kuona majibu.

Sasa sahani. Moja: ubao. Mbili: maji tu.
Tatu ina uchungu, ule wa nyuma ya ulimi,
unaosubiri umeze ndipo ujitaje.
Nne nzuri, ila nyuzi zake utashonea gunia.
Tano, sita, sikumbuki.
Saba
ilivunjika kabla jino halijafika.
Ungaunga, na utamu wa mwisho, wa mbali,
kama mgeni aliyekwisha aga, akakumbuka jambo mlangoni.
Kalamu ikabaki hewani.
Nina miaka minane, nimekalia kinu kilicholazwa,
na nimenyamaza.

"Huu wa nani?" nikauliza kwa sauti, nikavunja sheria.
Bhoke akafungua daftari.
Baba: mche wa Ibadan, ulikuja ndani ya chupa,
umevuka bara zima kwa kibali cha mihuri minne,
una damu ya mhogo pori, michirizi haiuwezi.
Mama:
akasita. "MTB sufuri nne. Ulitoka hapahapa kijijini."

Akanieleza, si kama anayefundisha mjinga:
saa saba mchana, ua jike likifunguka,
anachukua chavua ya baba kwa vidole, anapaka,
analivisha kifuko, nyuki asije akaingilia ndoa.
Tunda moja, mbegu tatu.
Mwaka wa kwanza mbegu elfu sita.
Zikabaki mia nne. Zikabaki thelathini.
Kuna msimu nguruwe pori waliingia,
akakaa chini kwenye tuta, akalia, akahesabu upya.
Miaka tisa. Aliolewa humo katikati,
mwanawe yuko darasa la pili.
Ikabaki hii, na nyingine mbili ambazo hazijaamua.

Nikasema: MTB sufuri nne ana jina.
Akasema: fomu ina visanduku sita tu vya herufi.
Nikasema: pembeni je?
Akaandika pembeni, kwa penseli, Kanyamaze,
akaniuliza na jina la mama,
akaliandika chini yake: Sikujua binti Pazi.
Sijui kama huko juu watalisoma.
Kamati ina majina yake.

Nimerudi na pingili ishirini begani.
Nimezilaza mshazari, macho juu,
mbali na shamba la zamani na inzi wake weupe.
Yameshatoka majani, kijani, yananawiri.
Jirani ananipongeza.
Siyaamini.
Nimeshawahi kudanganywa na kijani.
Mwezi wa sita nitachimba mmoja kabla ya wenzake,
nitaukata katikati,
nitaangalia rangi.