Fundi wa Mizani

Wenzake walimwita Babuji.
Sisi wa Majengo tulisikia babu tu,
tukamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba
kama mtu aliyezaliwa Kibosho.

Jina lake Mangat, fundi wa mizani,
duka mlango mmoja nyuma ya soko la Moshi:
meza, tupa, kopo la grisi,
mawe ya ratili yamepangwa kama vifaranga
kuanzia lile la aunsi hadi lile la hamsini
lililonivunja kidole cha mguu siku ya kwanza ya kazi.

Alikuja mtoto, kwa treni ya Voi,
amelala juu ya cherehani ya marehemu mama yake.
Hayo aliyasema mara moja, hakurudia.
Mengine niliyaona mwenyewe:
saa tisa usiku, chemli imepunguzwa utambi,
yeye kwenye jamvi, shuka kichwani,
anasikiliza.
"Unasikiliza nini, Babuji?"
"Ngoma."
"Mbona mpigaji simwoni?"
"Hana mikono," akasema, akanituma maji.

Jumapili chumba cha nyuma kilijaa.
Mke wa mwenye kinu cha unga aliketi goti kwa goti
na Moti, mfagia vyoo wa stesheni,
na Anaeli, mchukuzi wa Uru,
aliyefuata chai akabaki miaka kumi na mmoja.
Hapakuwa na sanamu, kengele wala sahani ya sadaka.
Tajiri mmoja alileta bahasha nene;
Babuji akaipima kwenye mizani ya dhahabu,
akamwandikia uzito wake kwenye karatasi,
akamrudishia vyote viwili.

Sasa niseme langu.
Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mnunuzi wa kahawa
alinipa shilingi ishirini na kipande cha risasi,
nikakiyeyusha ndani ya tundu la jiwe.
Msimu mzima Uru ilishusha magunia yaliyojaa,
yakaandikwa pungufu.

Babuji alilinyanyua jiwe lile kwa mkono mtupu,
akafumba macho,
akaliweka chini taratibu, kama anayelaza mtoto mgonjwa.
Hakunipiga. Heri angenipiga.
Alifunga duka. Aliuza cherehani.
Tukapanda Uru kwa miguu, yeye mbele na daftari,
mimi nyuma na mfuko wa sarafu,
nyumba kwa nyumba, mfereji hadi mfereji,
na kila mlangoni alisema:
"Mizani yangu ilikudanganya."
Yangu, alisema. Siku tisa. Yangu.

Mama Ndeonasia alimwona mwendawazimu.
Hata hivyo alipika mtori, akakumbuka,
akautenga wa mgeni kabla nyama haijaingia.

Alifariki wakati wa masika, njia ya Karanga ikiwa tope,
kuni zimelowa, zikakataa kushika moto hadi saa saba mchana.
Moshi ulipopanda tu, watu wakaanza kuulizana
nani mrithi, na picha itundikwe wapi.
Picha haikuwepo.
Aliacha miwani, kandambili,
na deni la sukari, shilingi nne, kwa Mpemba wa kona.
Nililipa mimi. Hicho ndicho nilichorithi.

Shairi hili halina mizani, Babuji, najua.
Vina vimenishinda, vidole vimezoea tupa.
Lakini sijatia risasi ndani yake.

Saa tisa naamka. Nakaa.
Nasikia mbwa wa Pasua, friji, goti langu bovu.
Usiku mmoja mmoja, kati ya mbwa na mbwa,
sindano inatetemeka kidogo
na sijui ni upande upi ulioongezwa.