Uji wa Masista

Mnunuzi hakuja. Kreti tatu za zabibu
zimeanza kunuka pombe chini ya banda la bati,
na nyuki wa Hombolo wamekwishajua.

Sechelela anakaza kanga kiunoni.
Jikoni kwa masista, miaka ile,
alimwona Sista Ornella akikamua kwa mikono yenye madoa,
akichuja, akichemsha, akitia unga kijiko kwa kijiko:
"Koroga, binti. Ukiacha, utakula mabonge."
Kwao Italia, alisema, hiki ni kitamu cha siku za mavuno,
cha watu wasiotupa kitu.

Ngano imekwisha. Ipo uwele, kidogo.
Anachekecha mara mbili, anainamia sufuria;
maji ya zambarau yanapanda povu,
mwiko unazunguka, unazunguka, unakuwa mzito,
mpaka unaacha njia nyuma yake
kama mkokoteni kwenye tope la Januari.

Friji hana.
Mabakuli sita anayapanga kwenye mchanga uliolowa,
kando ya mtungi, anafunika kwa kitambaa,
anawakataza watoto mara nne.

Jioni mama mkwe anaonja. Anakunja uso.
"Ndiyo hii Italia yenyewe?
Si uji tu, uliopoa?"

Analamba kijiko. Anakigeuza, analamba mgongo wake.
Anasukuma bakuli mbele.
"Haya. Niongeze huo uji."

Kreti mbili na nusu bado zipo.
Sechelela anatazama nyumba za jirani,
anahesabu mabakuli.