Mizani ya Vrajlal

Lindi, msimu wa korosho.
Vrajlal kafunga hesabu,
kafungua kitabu chake cha jalada jekundu.
"Kinasema nini?" nikauliza, gunia begani.
"Kinauliza. Mwanafunzi huuliza,
mwalimu humrudishia swali lilelile, limeiva."

Nikatua mzigo.
Mwezi ule nilikuwa nimemzika mdogo wangu, Chilumba.
"Basi kiulize: aliyekufa yuko wapi?"

Akatazama mizani, sahani tupu.
"Tangu asubuhi imepima kilo mia nane.
Humo zimebaki ngapi?"
"Hakuna kitu."
"Na mizani je?"

Sikujibu.
Akanisogezea kigoda,
akasoma kwa lugha nisiyoijua,
akisita kila penye swali
kama anayeningoja mimi.
Nje, wapagazi wenzangu
waliniita mara mbili.